Habari za Taji la Kuhani

Mtu apitaye njia za Kariakoo asubuhi aweza kujua mengi juu ya watu kwa kutazama vichwa vyao tu, kabla hajasikia neno vinywani mwao. Mzee huyu amevaa kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Twajua kwamba anakwenda penye shughuli ya heshima. Singasinga yule amefunga kilemba, na kwa kilemba chake dini yake yajulikana pasipo kuuliza. Mama atokaye sokoni amejitanda kanga, na juu ya kanga ameweka kata, na juu ya kata kapu la nyanya. Hata jina la mahali penyewe lina habari ya vichwa vya watu, maana Kariakoo ni jina la kikosi cha wachukuzi wa Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi vichwani na mabegani, na wengi wao hawakurudi makwao.

Wazee wetu waliitambua heshima ya kichwa. Ndiyo sababu katika lugha yetu neno kilemba lina maana nyingi. Ni nguo ya kufunga kichwani. Ni ada apewayo fundi amalizapo kumfundisha mwanafunzi wake. Ni sehemu ya mali itolewayo katika arusi. Tena mtu akisifiwa sifa za uongo, twasema kwamba amevikwa kilemba cha ukoka. Kwa mbali ukoka waweza kuonekana kuwa kitu, lakini jua likipanda hunyauka, na mwenye kuvikwa huachwa na aibu.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za vazi moja la kichwani lisiloonekana Kariakoo, nalo ni taji la dhahabu wavaalo makuhani wa dini ya Buddha katika nchi ya Nepali. Nalichagua kwa sababu lina fumbo ndani yake, na fumbo hilo laanzia karibu na kwetu.

Si mbali na Kariakoo, upande wa Upanga, pana hekalu la Wabuddha. Lilianzishwa siku za utawala wa Waingereza na watu wa kisiwa cha Sri Lanka, ambacho wakati ule kiliitwa Ceylon, waliokuja kufanya kazi katika mji huu. Uani mwake mna mti wa jamaa ya mkuyu, nao huuheshimu sana, maana husema kwamba mwalimu wao alipata mwangaza wa moyo akiwa ameketi chini ya mti wa namna hiyo. Watawa wa hekalu hilo huvaa nguo ya rangi ya manjano au ya udongo, na vichwa vyao vimenyolewa kabisa. Hawana kofia, wala kilemba, wala pambo lo lote. Ukimwuliza mtu wa mjini, "Kuhani wa Kibuddha ni mtu wa namna gani?" atakujibu kwamba ni yule mwenye upara na nguo ya manjano.

Na jibu hilo lapatana na habari za Buddha mwenyewe. Masimulizi yao yasema kwamba alizaliwa mwana wa mtawala, mahali paitwapo Lumbini, ndani ya mipaka ya Nepali ya leo, yapata miaka 500 kabla ya Kristo au zaidi. Alilelewa katika raha, akavikwa mapambo ya mwana wa mfalme. Hata alipokwisha kuona mgonjwa, na mzee, na maiti, moyo wake haukutulia tena. Usiku mmoja akatoka katika nyumba ya baba yake, akavua mapambo yote, akampa mtumishi wake ayarudishe nyumbani, kisha akazikata nywele zake kwa upanga. Tangu siku hiyo hakuvaa taji tena.

Basi hapo ndipo penye fumbo. Kama mwalimu alilivua taji, mbona wako wanafunzi wake wanaolivaa?

Ili tupate jibu, yatupasa kwenda mpaka bonde la Kathmandu, chini ya milima mirefu ya Himalaya. Mafundisho ya Buddha yalipoenea katika Asia yaligawanyika njia nyingi. Watu wa Sri Lanka walishika njia ya watawa wasiooa, na hiyo ndiyo njia ya hekalu la Upanga. Katika Nepali na Tibet ilipata nguvu njia nyingine, iitwayo njia ya vajra. Neno hilo lina maana ya radi, tena lina maana ya almasi, yaani kitu kipigacho wala hakipigwi, kikatacho wala hakikatwi. Katika bonde hilo la Kathmandu wakaa watu waitwao Wanewari, na miongoni mwao iko jamaa ya makuhani waitwao Vajracharya, maana yake walimu wa vajra.

Hao Vajracharya si watawa. Huoa, wana watoto, wana nyumba zao na kazi zao. Ukuhani wao hurithiwa, baba kwa mwana, kama ukuhani wa nyumba ya Haruni katika Israeli. Hukaa katika mitaa iliyojengwa kuzunguka ua mmoja wenye mahali pa ibada, na nyua hizo zamani zilikuwa nyumba za watawa. Watu wa mtaa huwaita waje kuwafanyia ibada za kuzaliwa mtoto, na za kuingia nyumba mpya, na za kufiwa. Na katika ibada zilizo kubwa, kuhani huvaa taji.

Taji lenyewe limefanyizwa kwa shaba nyekundu iliyopakwa dhahabu. Umbo lake ni la duara, lafunika kichwa kama chapeo ya askari. Pande zake zimepangwa mabamba yaliyochongwa kwa ufundi mwingi, nayo yamepambwa kwa mawe ya rangi, na katikati ya maua na majani zimo sura za Mabuddha watano. Juu kabisa husimama vajra ndogo, kama ncha ya mkuki. Kuhani akiisha kulivaa, hushika vajra kwa mkono wa kulia na kengele kwa mkono wa kushoto, akaanza ibada.

Zile sura tano si pambo tu. Kila moja ina jina lake, na rangi yake, na upande wake wa dunia: Vairochana wa katikati, Akshobhya wa mashariki, Ratnasambhava wa kusini, Amitabha wa magharibi, na Amoghasiddhi wa kaskazini. Tena kila moja yafundisha jinsi ubaya mmoja wa moyo wa mwanadamu uwezavyo kugeuzwa kuwa hekima. Ubaya huo ni ujinga, na hasira, na kiburi, na tamaa, na wivu. Akshobhya, kwa mfano, ni wa hasira. Wasema kwamba hasira ikitulizwa hugeuka kuwa moyo safi kama kioo, uonao mambo yote jinsi yalivyo. Ratnasambhava ni wa kiburi, nacho kikigeuzwa huwa hekima ya kuwaona watu wote kuwa sawa. Basi alivaaye taji hilo hubeba kichwani orodha ya makosa yake mwenyewe.

Hapa fumbo letu laanza kufumbuka. Taji alilolivua Buddha lilikuwa taji la utawala wa dunia, la mtu mwenye majumba na askari. Taji la Vajracharya halimpi mtu utawala juu ya mwenziwe. Katika ibada, wao husema, kuhani huacha kuwa baba fulani wa mtaa fulani, akasimama mahali pa Buddha ili awahudumie watu. Ibada ikiisha, hulivua, likahifadhiwa, naye akarudi nyumbani kwake kula chakula na watoto wake. Hakuna mtu alivaaye kwenda nalo sokoni.

Lakini liko jambo lingine, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Mtoto wa kiume wa jamaa ya Vajracharya hawezi kulifikia taji bila kupita kwanza penye wembe. Angali mdogo, mara nyingi kabla hajatimiza miaka 13, hupelekwa pamoja na wenziwe mbele ya mahali pa ibada pa mtaa wao. Hunyolewa nywele, akavikwa nguo ya mtawa, akapewa bakuli ya kuombea sadaka, na jamaa zake humtilia nafaka ndani yake. Kwa muda wa siku nne mtoto yule ni mtawa kamili kama watawa wa Upanga. Siku ya nne hurudi mbele ya mkubwa, akaomba ruhusa ya kuiacha njia hiyo na kurudi katika maisha ya nyumbani, naye huruhusiwa. Baada ya hayo ndipo mwana wa Vajracharya aweza kuwekwa wakfu kuwa kuhani, naye hupewa vitu vitano kwa taratibu: maji, na taji, na vajra, na kengele, na jina.

Twaona basi kwamba mwenye upara wa Upanga na mwenye taji wa Kathmandu si wageni wao kwa wao. Kichwa kivaacho taji leo kilinyolewa jana. Wanewari wameziweka habari zote mbili za mwalimu wao katika mwili wa mtoto mmoja: kwanza kuacha, kisha kupewa.

Na sisi tusomao Biblia hatuna haja ya kustaajabu sana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, twasoma jinsi Musa alivyoagizwa afanye mavazi ya nduguye Haruni, pamoja na kilemba cha kitani chenye bamba la dhahabu safi mbele yake, lililochorwa maneno ya kumtenga kwa Mungu. Haruni hakuvikwa vile apate kujionyesha kambini. Vazi lilikuwa la kazi, na kazi ilikuwa ya watu wote.

Sasa tuseme kidogo juu ya mafundi, maana pasipo wao hakuna taji. Mji wa Patan, karibu na Kathmandu, umejulikana tangu zamani kwa ufundi wa shaba. Fundi huupiga mfuleti wa shaba kwa nyuma, taratibu, mpaka sura itokeze mbele. Sehemu nyingine huzifanya kwanza kwa nta, akaifunika nta kwa udongo, akaichoma. Nta huyeyuka na kutoka, na mahali pake humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Kupaka dhahabu ndiyo kazi ya hatari. Fundi huchanganya dhahabu na zebaki mpaka iwe laini kama uji mzito, akapaka juu ya shaba, akaitia moto. Zebaki hupanda juu kwa mvuke, dhahabu ikabaki imeshikamana. Mvuke ule ni sumu, na mafundi wengi wameharibika afya kwa ajili yake. Kwa hiyo mng'ao wa taji lile umelipiwa kwa pumzi za watu.

Mafundi wa bonde hilo walisifiwa hata mbali. Mmoja wao, Arniko, aliitwa mpaka kwa Kublai Khan, mfalme wa Wamongoli aliyetawala China, akamjengea mnara mkubwa mweupe uliokamilika mwaka 1279 katika mji uitwao leo Beijing, nao ungali umesimama. Wala asidhani mtu kwamba ufundi ni wa nchi za mbali tu. Atakaye kuona jinsi chuma na bati viwezavyo kumtii mtu mwenye nyundo na subira, na aende Gerezani, pale pale Kariakoo, awatazame mafundi watengenezao majiko na masanduku. Kazi ni nyingine, lakini mlio wa nyundo ni ule ule.

Basi mataji hayo yako wapi leo? Mengine yangali yakivaliwa. Katika Kathmandu iko sikukuu iitwayo Samyak, ifanywayo kila baada ya miaka 12, ambayo sanamu za Mabuddha hutolewa katika nyua zao na kukusanywa mahali pamoja, watu wakatoa sadaka. Lakini mataji mengine yamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Jumba la Metropolitan la New York lina taji moja la karne ya 13 au mwanzo wa karne ya 14, na tangu Desemba 2017 mpaka Desemba 2018 lilifanya maonyesho ya mataji ya namna hii. Watu wengi ambao wasingefika Nepali kamwe waliyaona na kuusifu ufundi wake. Faida hiyo tusiikane.

Hata hivyo Nepali imepotewa na mengi. Baada ya nchi kufunguliwa kwa wageni katika miaka ya 1950, wezi waliiba sanamu nyingi katika mahekalu na njia panda, wakaziuza ng'ambo. Mwaka 1989 Lain Singh Bangdel, mchoraji na mwanachuoni wa nchi hiyo, alitoa kitabu chenye picha za sanamu zilizoibwa, na kwa ushahidi wa picha hizo baadhi zimerudishwa. Sitasema kwamba kila taji lililoko ng'ambo liliibwa, maana vitu husafiri kwa njia nyingi, na kuna mtu auzaye urithi wake kwa shida. Nasema tu kwamba taji likiwa ndani ya kioo hakuna mtoto atakayelifikia kwa njia ya wembe na siku nne.

Jambo hili si la Wabuddha peke yao, wala si la Asia peke yake. Katika Afrika yetu ya Mashariki, nchi ya Uhabeshi, iitwayo leo Ethiopia, makasisi wa Kanisa la kale huvaa mataji katika sikukuu. Siku ya Timkat, katika mwezi wa Januari, wakumbukapo ubatizo wa Bwana, makasisi hutoka chini ya miavuli ya rangi, na wengine hubeba vichwani vibao vitakatifu vya makanisa yao vilivyofunikwa kwa nguo za thamani. Wafalme na wakuu wa nchi hiyo walikuwa na desturi ya kuyatolea makanisa mataji.

Mwaka 1868 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Robert Napier, liliivunja ngome ya mfalme Tewodros huko Magdala. Mfalme alijiua, na askari wakachukua mali nyingi za ngome na za kanisa, hata ikahitajiwa tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuzibeba. Miongoni mwake lilikuwamo taji la dhahabu lililotolewa katika karne ya 18 kwa kanisa moja la Gondar, nalo limo katika jumba la Victoria and Albert la London. Mwaka 2018, miaka 150 baadaye, jumba hilo lilifanya maonyesho ya mali ya Magdala, na swali la kuirudisha likaulizwa tena, nalo lingali likiulizwa.

Lakini liko taji moja la Uhabeshi lililorudi. Lilikuwa la kanisa la Cheleqot katika Tigray, la karne ya 18, la shaba iliyopakwa dhahabu kama yale ya Nepali, lenye sura za Bwana Yesu na za mitume. Mwaka 1993 lilitoweka. Mwaka 1998 Mhabeshi mmoja aliyekimbilia Uholanzi, Sirak Asfaw, aliliona ndani ya sanduku la mgeni aliyefikia nyumbani kwake huko Rotterdam. Alimzuia yule mgeni asiondoke nalo, akalificha. Hakuliuza. Hakulivaa. Alingoja miaka 21, akiogopa kwamba akilirudisha mapema litatoweka tena. Mwaka 2019 akatoa habari kwa serikali ya Uholanzi, na Februari 2020 taji likarudishwa Addis Ababa.

Ndugu wasomaji, mtu huyu hakuwa kasisi wala mkuu. Alikuwa mkimbizi mwenye chumba katika mji wa ugenini. Lakini kwa miaka 21 yeye alikuwa mlinzi wa heshima ya kijiji kizima, wala hapakuwa na mtu wa kumsifu. Nadhani ndani ya taji lile alikuwa ameona watu wanaolingojea, na hilo ndilo lililomtia nguvu.

Taji la kuhani, liwe la Kathmandu au la Cheleqot, halina maana yake lenyewe. Maana yake ni watoto wanaonyolewa, na mafundi waliovuta mvuke wa zebaki, na watu wa mtaa wanaosimama uani wakingoja ibada. Watu hao wakiwapo, shaba iliyopakwa dhahabu ni taji. Wakiondolewa, hata dhahabu tupu yaweza kuwa kilemba cha ukoka. Na hatari hiyo haiji kwa wezi peke yao. Katika Nepali ya leo wako vijana wa jamaa za Vajracharya wafuatao kazi nyingine mbali na nyumbani, na taji la babu laweza kukaa sandukuni mwaka baada ya mwaka pasipo mwizi hata mmoja kuligusa.

Nasi katika nyumba zetu na makanisa yetu tuna vitu tulivyoachiwa: ngoma, na kengele, na kiti cha mzee, na kofia ya babu. Kabla hatujauliza kitu hicho chauzwa kiasi gani, yatupasa tuulize kilikuwa kikifanya kazi gani, na ni nani katika watoto wetu ajuaye kazi hiyo. Kama hayupo, na tumfundishe mmoja leo, maana ajuaye habari zake akifa, kitabaki kitu tu.